Mkristo na Mabavu: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Maswali haya yametoka kwenye vipindi vya Biblia, jumuiya na fellowship za hapa Dodoma mjini na vijiji vya jirani, mengine yanaingia kwa meseji saa nane usiku mtu katoka mkesha roho imemchafuka. Tumeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza.

Kwahiyo mnachofundisha ni nini, Mkristo awe mpole tu, akionewa anyamaze?

Hapana. Tunachosema ni kwamba Mkristo hashindi ubaya kwa kuumiza mtu, ila anapambana nao kweli kweli, kwa kusema ukweli, kukataa kushirikiana na uonevu, kumficha anayetafutwa auawe, kwenda kushtaki, kusimama katikati. Paulo kwenye Warumi 12 amemaliza na "usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema", na hapo neno ni kuushinda, siyo kuuvumilia. Na kitu cha pili ambacho sisi tunakisisitiza kuliko vyote, ni kwamba hii ishu inaanzia kwenye ibada. Unachokiomba na kukiimba Jumapili ndo mikono yako itakifanya Jumatatu. Ukishinda kanisani ukiomba jirani afe, usitegemee siku ya hasira mkono wako utajizuia wenyewe.

Lakini Yesu si alisema geuza shavu la pili?

Alisema, Mathayo 5:39, na aliposema alitaja shavu la kuume. Kuna mwalimu mmoja wa Biblia Mmarekani, Walter Wink, aliwaomba watu wajaribu wenyewe: simama mbele ya mwenzako, mpige kofi shavu lake la kulia kwa mkono wako wa kulia. Utaona haiwezekani mpaka utumie mgongo wa kiganja. Na zamani zile kofi la mgongo wa kiganja lilikuwa la bwana kwa mtumwa, yaani la kumdharau mtu, kumwambia wewe si kitu. Anayegeuza la pili anamwambia nipige kama mtu mwenzako basi, dharau yako nimeikataa. Si wote wanakubaliana na hayo maelezo, sisi tunaona yana uzito, ila hata ukiyaweka pembeni mwangalie Yesu mwenyewe alipopigwa kofi kwa kuhani mkuu, Yohana 18:23. Hakurusha ngumi, na hakunyamaza, aliuliza: kama nimesema vema, wanipigia nini?

Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nisamehe nirudi, ndo msalaba wangu. Ni kweli?

Si kweli, mama, na aliyekuambia hivyo amekosea hata kama ana kola shingoni.

Kusamehe ni kuacha kisasi moyoni. Kurudi chini ya ngumi ni kitu kingine kabisa, Biblia haijawahi kuviunganisha. Yesu walipotaka kumsukuma kwenye kilima kule Nazareti alipita katikati yao akaenda zake (Luka 4:30). Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu usiku akakimbia Dameski. Hao wote walikimbia, na hakuna anayesema walikosa imani. Msalaba ni kitu ulichochagua kwa ajili ya upendo, kipigo cha mlevi saa sita usiku hukukichagua.

Cha kufanya: ondoka ukalale mahali salama kwanza, kwa dada, kwa wazazi, kwa mama mchungaji kama ni mtu wa kuaminika. Nenda polisi, vituo vingi vina dawati la jinsia na watoto, omba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) uende nayo hospitali majeraha yaandikwe. Mwambie na ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Kama anayeumizwa ni mtoto, namba 116 inapigwa bure. Kumshtaki mume siyo kulipa kisasi, hujamgusa hata kidole, umemzuia asiendelee kutenda dhambi. Na wazee wa kanisa wakikuita kikao cha usuluhishi wakukalishe na huyo bwana meza moja kabla hajakiri na kabla hujawa salama, una haki ya kukataa kuhudhuria.

Maombi ya moto je? "Adui afe kwa moto", "rudi kwa aliyekutuma", kuna ubaya gani, si tunapigana na shetani?

Hili tunalijibu kwa kirefu maana ndo linauma.

Kwanza, kupigana na mapepo hatupingi. Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na ukiisoma vizuri huo mstari ni kufuli: mtu wa damu na nyama hayumo kwenye orodha ya maadui wa kupigwa. Shida inaanzia pale maombi yanapopewa uso wa mtu. Unakuta mkesha, saa saba usiku, mtumishi ameshika maiki anasema kuna mama mmoja, ni wa ukoo wako, ni mweusi mfupi, amefunga kizazi chako, sasa piga kwa mguu, mkanyage, afe, afe, afe. Na watu mia mbili wanapiga miguu chini mpaka vumbi linaingia puani na kila mmoja kichwani mwake ameshaona sura ya mtu. Mmoja kamuona shangazi, mwingine mama mkwe, mwingine yule bibi anayekaa peke yake nyumba ya mwisho. Asubuhi wanarudi nyumbani na hizo sura.

Tanzania hii tumeua vikongwe. Kwa miaka mingi, Shinyanga, Mwanza, Geita na kwingine, bibi anakatwa mapanga kwa sababu macho yake mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha maisha yake yote. Hatusemi kila mkesha unaua, hatujasema hivyo. Tunasema panga halianzi mkononi, linaanza kwenye kinywa kilichozoea kumtakia mtu kifo na kuitika amina.

Halafu hao wanaosema ni maombi ya kibiblia wasome Luka 9. Yakobo na Yohana walikuja na hilo hilo ombi, Wasamaria wamewakataa, Bwana unataka tuagize moto ushuke uwateketeze? Na walikuwa na mfano wa kunukuu, Eliya alishafanya. Yesu akawageukia, akawakanya. Ombi la moto limeshaletwa kwa Yesu mwenyewe uso kwa uso na jibu lipo, sasa sisi tunalileta tena tukidhani labda Yesu amebadilika?

Badala yake omba hivi: Bwana nilinde, vunja kazi ya mwovu, na kama kuna mtu ana chuki na mimi mponye, mfungue, na mimi nifungue na chuki yangu. Ukimaliza, kesho mpelekee yule bibi maji. Watu wanatuambia hayo maombi hayana nguvu. Jaribu kumwombea baraka mtu unayemchukia kwa jina lake dakika kumi tu kwa sauti, ndo utajua lipi zito.

Si imeandikwa "usimwache mwanamke mchawi kuishi"?

Imeandikwa, Kutoka 22:18. Kitabu hicho hicho, Kutoka 31, kinasema afanyaye kazi siku ya sabato auawe, na hatujaona mtu anakamata bodaboda. Sisi tunaisoma Torati kupitia Yesu, ambaye mwanamke aliyeletwa kwake apigwe mawe aliondoka mzima.

Na zaburi za laana, 109, 137, tusizisome?

Zisomwe. Zaburi 137 inaishia na watoto wachanga kupigwa kwenye mwamba, inatisha, na aliyeiimba alikuwa mtu aliyechomewa mji wake na kuchukuliwa utumwani Babeli. Uchungu wa namna hiyo upo duniani na una haki ya kufika mbele za Mungu. Ona ila jambo moja: huyo mtu anamwambia Mungu, hachukui jiwe. Ameikabidhi hasira kwa mwenye kuhukumu akaondoka mikono mitupu. Wakatoliki walipopanga upya sala za vipindi mwaka 1971 waliziondoa Zaburi 58, 83 na 109 kabisa, na mistari kadhaa ya zingine. Mtazamo wetu ni kwamba ziachwe ila zisisomwe kwa kelele za ushindi. Zisomwe taratibu, kama kilio cha msiba.

Tukimkamata mwizi tufanyeje? Polisi wanawaachia kesho yupo mtaani.

Tunaelewa hasira. Mtu kaiba bodaboda ya mkopo, kaiba mbuzi wanne wa mjane, na kweli kesi zinachelewa. Lakini tuseme lilivyo, "wananchi wenye hasira kali" wanaosomwa kwenye habari ni sisi, ni watu wenye Biblia nyumbani, wengine wametoka kwaya. Ukelele wa mwizi ukipigwa pale Sabasaba sokoni hakuna anayeuliza ushahidi, jiwe la kwanza linatoka kwa mtu ambaye hajaibiwa chochote wala hajui kilichoibwa. Na wapo waliokufa hivyo ambao hawakuwa wezi.

Mwezi wa saba mwaka 1985 mji wa Duduza, Afrika Kusini, watu waliotoka mazishini walimkamata jamaa wakisema ni mpelelezi wa polisi wa makaburu, wanataka kumchoma. Askofu Desmond Tutu alikuwepo, akaingia kwenye lile kundi na joho lake la uaskofu akamtoa. Wale vijana walikuwa na hasira ya haki kabisa na Tutu alikuwa upande wao kwenye mapambano, ndo maana ilikuwa ngumu. Wewe hutakiwi uwe Tutu. Ukiwa kwenye tukio, sema kwa sauti "tumpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa", tafuta wawili wa kukuunga mkono, mkae karibu naye kimwili, mtu mwingine apige simu polisi. Kundi mara nyingi linamsubiri mtu mmoja wa kuanza, kuua au kuokoa. Ukiona huwezi kabisa, usirekodi video. Piga simu.

Yesu si alichapa watu hekaluni?

Soma Yohana 2:15 taratibu, alifanya kikoto cha kambaa akawatoa nje pamoja na kondoo na ng'ombe. Mgogo yeyote anajua ng'ombe hawatoki sehemu kwa kuombwa. Hakuna aliyetajwa kuumia. Alipindua meza za wabadilishaji kwa sababu maskini walikuwa wanaibiwa ndani ya nyumba ya ibada, ni maandamano yale, siyo kipigo.

Na zile panga mbili?

Luka 22. Walisema tunazo mbili, akasema yatosha. Muda mfupi baadae moja likatumika, sikio la mtumwa wa kuhani mkuu likakatwa, Yesu akasema acheni akaliponya. Panga mbili kwa watu kumi na wawili dhidi ya Dola la Rumi, hapo hakuna mpango wa vita.

Agano la Kale limejaa vita. Mungu wa Yoshua na Mungu wa Yesu ni wawili?

Ni mmoja. Karne ya pili alitokea mtu anaitwa Marcion akasema ni wawili, kanisa la Rumi likamtenga karibu mwaka 144, na sisi hatumfuati. Ila tukubali maandiko ya Yeriko na Waamaleki ni magumu na anayekuambia hayamsumbui labda hajayasoma. Tunachoona ni safari, ndani ya Agano la Kale lenyewe. Elisha kwenye 2 Wafalme 6 alipata jeshi zima la Shamu mkononi, mfalme anauliza nipige, nipige? Akamwambia wape chakula. Wakala, wakanywa, wakarudi kwao, na vikosi vya Shamu havikuja tena. Kisha Isaya anaona panga zinafuliwa kuwa majembe. Yesu hakudondoka kutoka hewani, alisimama kwenye mstari huo.

Msalabani si Mungu alimuadhibu Mwanae badala yetu? Huo si ukatili wa Mungu mwenyewe?

Swali zuri na wengi wanaogopa kuliuliza. Kwanza walioshika nyundo ni watu: Pilato, askari, wakuu, umati uliopiga kelele asulubiwe. Matendo 2 Petro anasema wazi, ninyi mlimsulibisha, Mungu akamfufua. Kila mmoja ana kazi yake hapo.

Kanisa limeeleza msalaba kwa njia nyingi na hakuna mtaguso mkuu (mkutano wa kanisa lote) hata mmoja wa zamani uliofunga mjadala. Karne za mwanzo wengi walisema Kristo ameshinda kifo na shetani. Anselm, mwaka 1098 hivi, akaandika habari ya heshima ya Mungu iliyovunjwa kulipwa. Wanamatengenezo wakakazia adhabu. Karne ya ishirini Gustaf Aulén, Mswidi, akairudisha ile ya ushindi, na mwaka 2001 J. Denny Weaver, Mmennoniti (dhehebu linalokataa vita), akaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba wokovu hauhitaji Mungu mpigaji. Sisi tunasema damu ya Yesu inaokoa, tunaimba hivyo kila wiki na hatutaacha. Tunachokataa ni mahubiri ya Baba mwenye hasira aliyekuwa anatafuta wa kumpiga mpaka akampata Mwanae, maana baba wa hivyo tunao mitaani na hatuwaabudu. "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake", 2 Wakorintho 5:19. Ndani yake. Aliyepigwa ni Mungu.

Hii siyo mafundisho mapya ya Wazungu?

Ni ya zamani na mashahidi wake wakubwa ni Waafrika. Tertullian, mwandishi Mkristo wa karne za mwanzo kutoka Carthage (leo Tunisia), alisema Bwana alipomnyang'anya Petro upanga alimvua kila askari mkanda wake. Mwaka 295 kijana Maximilian, mtoto wa askari, aliletwa Tebessa (leo Algeria) aandikishwe jeshini, akasema siwezi kutumika, mimi ni Mkristo, wakamkata kichwa akiwa na miaka 21. Baada ya Konstantino, kaisari wa Rumi aliyeupokea Ukristo, mambo yakageuka na kina Agostino, Mwafrika mwenzetu pia, wakaanza kuweka masharti ya vita ya haki. Makanisa yaliyoshika msimamo wa zamani ni kama Wamennoniti, ambao Tanzania wapo tangu 1934 walipoanzia Shirati, Mara.

Mimi ni askari, niache kazi?

Dodoma tunao wengi kanisani, polisi, JKT, JWTZ, Magereza, na tunawapenda. Makanisa hayakubaliani, Wamennoniti watakujibu tofauti na Waanglikana au Wakatoliki. Kiwango cha chini ni kile Yohana Mbatizaji alichowaambia askari, msidhulumu mtu, msishitaki kwa uongo, mtoshewe na mshahara wenu. Ukiagizwa kumpiga mtu ambaye ameshafungwa pingu, kataa.

Vita vya Kagera? Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku.

Amin alivamia Oktoba 1978, akaua na kupora raia Kagera, na Mwalimu akaamua kupigana. Wengi wetu tuna baba au babu aliyekwenda. Anayeshika vita ya haki atasema hiyo inatimiza masharti, na hatutamdharau mtu aliyelinda nchi. Sisi tunaongeza jambo ambalo halihubiriwi: Wakristo wa Uganda walikuwa wanampinga Amin kabla ya kifaru chochote kuvuka, bila silaha. Maaskofu wa Kianglikana waliandika barua ya kumlaumu, na tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, serikali ikasema ni ajali ya gari.

Mwenzake Festo Kivengere akakimbia usiku kwa miguu kuvuka mpaka. Huyu ni wa kwetu kidogo, alifundisha hapa Dodoma miaka ya 1940 na 1950, Alliance Secondary, ile iliyokuja kuitwa Mazengo na leo ni Chuo Kikuu cha St. John's. Mwaka huo huo wa 1977 akatoa kitabu kusema anampenda Idi Amin. Watu walishangaa sana. Alikuwa mkimbizi, rafiki yake ameuawa, na akaendelea kusimama mbele ya dunia kuutangaza uovu wa Amin huku akikataa kumchukia. Alikuwa mtu wa uamsho, na wana-uamsho wa Kikuyu miaka ya Mau Mau walishatangulia njia hiyo, wengi walikataa kula kiapo na wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, wakauawa kwa ajili hiyo. Vijana wengi wanapita getini St. John's kila siku hawajui hii stori.

Kupeana amani kanisani kuna maana gani, si salamu tu?

Ndo sehemu ya ibada tunayoiharibu kuliko zote. Mathayo 5:24, iache sadaka yako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi. Didache, mafundisho ya Wakristo wa zamani sana, inasema mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge mpaka wapatane, sadaka isinajisike. Sasa sisi tunapeana mkono na wa kushoto na kulia ambao hatuna shida nao, yule tuliyegombana naye shamba yupo benchi la nne tunamkwepa. Mchungaji mwenye ujasiri aongeze dakika tano, atangaze kabisa, tembea, mfuate. Tunajua maeneo ya kuelekea Kiteto na Kilosa wakulima na wafugaji wanauana na unakuta pande zote mbili kuna waliobatizwa. Na Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, na waliokuja na mapanga walishawahi kushika mikono ya wale wale wakisema amani iwe nawe.

Nyimbo za vita kama "Twendeni askari" tuziache?

Si lazima. Huo uliandikwa Uingereza 1865 kwa ajili ya maandamano ya watoto wa kanisa, siyo jeshi. Imba, ila mwimbishaji aseme adui ni nani.

Fimbo kwa mtoto?

Mithali 13:24 inajulikana na kila mzazi. Waefeso 6:4 inajulikana na wachache, msiwachokoze watoto wenu. Mchungaji wa Zaburi 23 fimbo yake inafariji, na mfugaji anayepiga ng'ombe mpaka achechemee huku kwetu anachekwa. Kwa shule hata kanuni za serikali za 2002 zimeweka mwisho viboko vinne, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Darasa la ubatizo na Sunday school tunasema sifuri.

Sunday school tufundishe Daudi na Goliathi au tuiruke?

Fundisheni, watoto wanaipenda. Ila msiishie hapo. Waonyesheni 1 Nyakati 22:8, Daudi alipotaka kujenga hekalu Mungu alimkatalia kwa sababu amemwaga damu nyingi, kazi ikaenda kwa mwanae. Na wiki inayofuata fundisheni Abigaili, 1 Samweli 25. Daudi anakuja na watu mia nne wenye panga amuue Nabali na kila mwanaume wa nyumba yake kwa sababu ya matusi, na mwanamke mmoja anapakia punda mikate mia mbili, kondoo watano, bisi na vishada mia vya zabibu kavu anakwenda kumsimamisha njiani, na Daudi anamshukuru kwa kumzuia asimwage damu. Watoto wa Dodoma zabibu wanazijua, walete kila mmoja kitu kidogo cha kula, waigize, na Abigaili apewe mtoto ambaye huwa haongei.